Mkono Ulio Mbali na Jeraha: Swali la Mama wa Kisii

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wasomaji, wiki hii naomba mniwie radhi nitoke kidogo katika mambo ya twahara na malezi tuliyozoea kuyazungumza katika ukurasa huu, niwachukue safari ya mbali hadi bara, katika vilima vya Kisii na Nyamira. Nataka kuzungumza nanyi juu ya silaha. Najua wengi wenu mtasema, "Silaha na sisi, wapi na wapi?" Nawaomba msome hadi mwisho, kwani kilichonitia katika mazungumzo haya ni swali la mama mwenzenu, na tangu aniulize sijalala usingizi wa raha.

Nilialikwa na Waislamu wa mji wa Kisii kutoa darsa za siku tatu. Asidhani mtu wa Pwani kwamba mji ule ni mgeni kwa Uislamu. Wapo hapo Wanubi, ambao wazee wao walitoka Sudani wakiwa askari, na wakakaa hapo kizazi baada ya kizazi. Wapo Waswahili na Wasomali, na wapo Abagusii wenyewe walioingia katika dini. Siku ya pili, baada ya darsa ya akina mama, mvua ya alasiri ilipiga mabati kwa nguvu hata ikabidi tungoje ipungue. Ndipo mama mmoja, mzaliwa wa Kitutu aliyeolewa katika nyumba ya Kinubi, akanyanyua mkono.

"Sheikh," alisema, "babu wa babu yangu aliuawa na risasi za Wazungu hapa Kitutu. Babu wa babu ya mume wangu alikuwa askari katika jeshi lilelile. Mwanangu ana miaka kumi, na shuleni wameambiwa waandike habari za ukoo wao. Sasa niambie, babu yake ni yupi, aliyepiga au aliyepigwa?"

Akina mama wakanyamaza. Nami sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mama, swali lako nimelichukua, nitakujibu inshallah." Haya ninayoyaandika ndiyo majibu, nami nayaandika hadharani kwa sababu naona swali lile si lake peke yake.

*Bunduki isiyochoka*

Ili tumwelewe mama huyu, yatupasa kwanza tujue ni silaha gani iliyopanda vilima vile. Mwaka 1884 mtu aitwaye Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani aliyehamia London, alibuni bunduki ya namna mpya. Bunduki za kabla yake zilihitaji mkono wa mtu ili risasi moja ifuate nyingine. Ya Maxim ilitumia kile kishindo cha risasi yenyewe, kile kinachomsukuma mpigaji begani, ikakifanya kitoe ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Risasi zilipangwa katika mkanda, na maji yaliwekwa kuuzunguka mtutu ili usiungue kwa joto. Kwa dakika moja iliweza kutema risasi zipatazo 600, yaani kumi kwa kila sekunde. Kabla mama hajamaliza kutamka Bismillahi Rahmani Rahim, zimekwisha kutoka thelathini. Wazee wetu waliita bunduki za aina hii bombomu, kwa kuiga sauti yake.

Sisi watu wa Pwani na visiwani tuliujua mapema uzito wa silaha mpya. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya Unguja alipokuwamo Sayyid Khalid bin Barghash. Haikufika saa moja, mambo yakawa yamekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Sayyid Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Septemba 1898, huko Omdurman nchini Sudani, waliuawa wapiganaji zaidi ya 10,000 wa Khalifa Abdullahi katika asubuhi moja, ilhali waliokufa katika jeshi la Waingereza na Wamisri hawakufika 50. Miongoni mwa Waingereza waliopigana siku hiyo alikuwamo kijana mmoja aitwaye Winston Churchill. Lihifadhini jina hilo, tutalirudia.

Mwaka 1905 zamu ikawafikia Abagusii. Walikuwa wakulima na wafugaji waliokaa katika vilima vyao vyenye rutuba, kila ukoo na eneo lake: Kitutu, Nyaribari, Mugirango, Machoge, Bassi na Bonchari. Silaha zao zilikuwa mikuki, mishale na ngao za ngozi. Serikali ya Kiingereza ilituma Kitutu kikosi cha King's African Rifles, yaani KAR, pamoja na polisi, kwa kile kilichoitwa kuwatia adabu. Kikosi kilikuwa na bunduki ya rashasha.

Vijana wa Kitutu hawakukimbia. Waliliendea lile jeshi lililojipanga kwa umbo la mraba, wakiwa na mikuki mikononi, kama walivyofunzwa na baba zao kwamba adui huendewa usoni. Afisa mmoja wa polisi wa Kiingereza wa zama hizo, W. Robert Foran, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba bunduki ile ilipiga kwa muda mrefu hata ikakaribia kuwa nyekundu kwa moto, na kwamba mamia ya Abagusii, wafu na majeruhi, walilala marundo mbele ya askari. Akakiri mwenyewe kwamba yale hayakuwa mapigano bali ni mauaji ya halaiki, ingawa akayatolea udhuru.

Nilipokuwa Kisii nilipandishwa hadi ukingo wa kilima cha Manga, ambapo mtu husimama akaona mabonde mpaka macho yakachoka. Leo ni migomba, majani chai na mabati yanayomeremeta. Nilijaribu kukadiria umbali: kijana mwenye nguvu aurushe mkuki, utafika wapi? Hatua hamsini, labda kidogo zaidi. Bunduki ile iliua kwa umbali wa hatua elfu. Maana yake ni kwamba kijana wa Kitutu alipaswa kupita katika mauti hatua mia tisa na hamsini kabla hata silaha yake haijaanza kuwa silaha.

Mwaka huohuo, kusini yetu, ndugu zetu wa Majimaji waliyakabili majeshi ya Wajerumani wakiamini kwamba risasi zitageuka maji, na mwezi Agosti bunduki za namna hiyohiyo ziliwafyeka mbele ya boma la Mahenge. Watu hawa hawakujuana na wale wa Kitutu, wala lugha zao hazikufanana. Kilichowaunganisha ni kwamba wote walikutana na chombo ambacho ushujaa hauwezi kukifikia.

*Mkuki mmoja na jibu lake*

Mwaka 1907 serikali ilijenga boma lake mahali palipokuja kuwa mji wa Kisii, chini ya mtawala aitwaye G. A. S. Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Wakati huo huko Kitutu aliishi mwanamke aitwaye Moraa wa Ngiti, mganga na mwenye kutabiri, aliyeuchukia utawala wa wageni na hakuficha chuki yake. Simulizi za Abagusii zinasema ndiye aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Mmoja wa vijana hao, Otenyo, alimvizia Northcote njiani mwezi Januari 1908 na kumchoma mkuki. Northcote alijeruhiwa, akapona, na akaishi kuendelea na kazi za serikali kwa miaka mingi. Baadaye akawa Gavana wa Hong Kong.

Mkuki mmoja ulimjeruhi mtu mmoja. Jibu lake liliangukia vilima vizima. KAR walirudi kwa nguvu zaidi, wakachoma nyumba, wakaharibu mazao na kuswaga maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Safari hii Abagusii hawakusimama kupigana. Waliyaona ya 1905 na walikuwa wakikimbia. Wakauawa wakikimbia, zaidi ya mia moja. Otenyo alikamatwa na kuuawa, na wazee hadi leo husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza.

Hapa ndipo linaporudi lile jina. Mwaka 1908 Winston Churchill alikuwa Naibu Waziri wa Makoloni huko London. Simu za ushindi zilipomfikia mezani, zikitaja idadi ya waliouawa na hesabu ya ng'ombe katika sentensi moja, hata yeye, aliyeiona Omdurman kwa macho yake, alishtuka. Aliandika kuuliza kama kweli pana haja ya kuendelea kuwaua kwa wingi namna ile watu wasio na cha kujikinga nacho. Naye hakuwa mpinzani wa ukoloni. Alikuwa mmoja wa watawala wake. Mtu wa namna hiyo anapouliza swali hilo, jueni kwamba mambo yalikuwa yamevuka mpaka.

*Hesabu inayofanywa nyumbani*

Vitabu vya vita huhesabu waliouawa, na vikikosa hesabu husema "mamia" na kupita. Lakini mama zangu, nyinyi mnajua kwamba hesabu ya kifo haimalizikii kaburini. Huanzia hapo.

Kwa desturi ya Abagusii, kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake, na wimbi alilolilima ndilo chakula cha watoto wake. Nyumba ikichomwa pamoja na ghala, aliyechomewa ni mama. Askari huona moto umewaka na kuzima, akaandika kwamba kijiji kimeadhibiwa. Mama huona miezi mingi ya njaa iliyo mbele yake, na mbegu ya msimu ujao imegeuka majivu.

Ng'ombe nao hawakuwa nyama na maziwa tu. Ndio waliokuwa mahari. Ng'ombe wa dada ndio waliomwolea kaka mke. Maelfu ya ng'ombe yanapoondolewa kwa mara moja, harusi ambazo zingefungwa hazifungwi, na kijana hupoteza njia ya kuwa mume na baba. Basi bunduki ile iliua waliokuwapo, na pia ikawazuilia njia ambao hawajazaliwa. Zaidi ya hayo, vijana wa kiume walikuwa wakikaa katika kambi za kulinda ng'ombe zilizoitwa ebisarate, na miaka michache baadaye serikali ilizivunja kambi hizo, kwa kuwa iliziona ni vyuo vya wapiganaji.

Haikuchukua muda vita vya wakubwa vikafika palepale. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii wakitokea upande wa ziwa, wakapigana na KAR mlangoni mwa mji. Pande zote mbili zikaondoka, na wenyeji wakaingia katika boma tupu kuchukua walivyovikuta. Waingereza waliporudi waliwaadhibu wenyeji kwa kuwanyang'anya mifugo tena. Kisha vijana wa Kisii, pamoja na wa makabila mengine, wakachukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Jina la kikosi chao cha wapagazi ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Bunduki zilikuwa mpya, lakini zilibebwa vichwani na mabegani mwa watoto wa watu, na hao hawakupigiwa hesabu kama wanajeshi. Hospitali kuu ya Kisii ilianzishwa mwaka 1916 kwa ajili ya majeruhi wa vita hivyo. Mama anayejifungua hapo leo anajifungulia katika nyumba iliyoasisiwa na vita.

*Nani aliyeshika bunduki?*

Sasa tufike mahali panapouma. Tukisema "Waingereza waliwapiga Abagusii", tunasema kweli, lakini si yote. Maafisa walikuwa Waingereza. Askari walikuwa Waafrika.

KAR ya nchi yetu ilitokana na kikosi cha East Africa Rifles kilichoundwa Mombasa mwaka 1895. Ndani yake walikuwamo Wahindi, Wasudani na Waswahili. Kikosi hicho ndicho kilichogeuzwa mwaka 1902 kuwa batalioni ya tatu ya KAR. Kwa hiyo miongoni mwa wale waliokwenda bara na bunduki za Wazungu walikuwamo watoto wa miji yetu wenyewe. Walikuwamo waliofunga Ramadhani na waliosimama kuswali. Siyasemi haya kwa ajili ya kumtukana marehemu. Wengi walikuwa maskini, na wengine, kama Wanubi, walikuwa wamechukuliwa mbali na makwao hata pasiwe na pa kurudi. Baadaye serikali iliyowatumia haikuwapa hata ardhi ya kuiita yao. Lakini kweli ni kweli, na dini yetu imetuamrisha tuisimamie hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu na wazazi wetu.

Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Maana yake ni kwamba mtu hupata kuujua uchungu anapofikiwa na ncha. Mkuki, pamoja na ubaya wake, humlazimisha aliyeushika aone uso wa anayemchoma. Silaha mpya humwondolea mtu adha hiyo. Mmoja huingiza mkanda, mwingine huminya kitufe, wa tatu hutoa amri, wa nne hukaa London akasoma simu. Ukiuliza nani aliyeua, kila mmoja atakuonyesha mwenzake. Mkono umekwenda mbali na jeraha, na dhamira hupotea katika umbali huo.

*Sharia ilikwisha liona*

Msidhani dini yetu haikuwahi kulifikiri jambo hili. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkuta mwanamke ameuawa katika mojawapo ya vita, akalichukia jambo hilo na kukataza kuuawa kwa wanawake na watoto. Alikataza pia kumwadhibu mtu kwa moto, kwani hiyo ni adhabu ya Mola wa moto peke yake. Sayyidna Abubakar, alipokuwa akiaga majeshi yanayokwenda Sham, aliyausia yasiue mwanamke, mtoto wala mzee, yasikate miti ya matunda, yasiharibu makazi, wala yasichinje mifugo ila kwa kula. Upimeni wasia huo kwa yaliyofanywa Kitutu mwaka 1908, na mjiulize askari Mwislamu aliyeambiwa awashe moto ghala la wimbi alikuwa amefunzwa nini, na nani alimsahaulisha.

Wanazuoni wetu wa kale walikuwa na silaha mpya ya zama zao, nayo ni manjaniki, ule mtambo wa kurusha mawe makubwa juu ya kuta za ngome. Waliijadili kwa kirefu kwa sababu jiwe likisharushwa halichagui. Huweza kumwangukia mpiganaji, na huweza kumwangukia mtoto aliyelala. Walitofautiana lini yafaa na lini haifai, lakini waliliona swali na wakalipa haki yake. Hawakusema, "Kosa ni la jiwe." Kwao mwenye kuulizwa alibaki kuwa mtu.

*Umbali umeongezeka*

Leo umbali ule umekuwa mkubwa zaidi. Silaha inayotajwa sana katika vita vya sasa ni ndege zisizo na rubani, ambazo vijana wetu huziita droni. Aliyeirusha huweza kukaa mji mwingine au nchi nyingine, akatazama kioo kama atazamaye mchezo wa kompyuta, kisha akaenda kula chakula chake cha mchana.

Tuanze na Sudani, nchi ya mababu wa wale Wanubi walionikaribisha Kisii. Tangu tarehe 15 Aprili 2023 majeshi mawili ya nchi hiyo yanapigana, na droni zimekuwa silaha yao kubwa. Alfajiri ya tarehe 19 Septemba 2025, katika mji wa El Fasher, droni iliupiga msikiti watu wakiwa katika sala. Waliuawa zaidi ya 70. Waliamka, wakatawadha, wakajipanga safu, na mauti yakawajia kutoka kwa mtu asiyewaona nyuso. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

La pili ni la karibu zaidi na nyumba zetu. Mwezi Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilitoa uchunguzi juu ya wasichana wa Kiafrika wa umri wa miaka 18 hadi 22, wakiwamo wa Kenya, Uganda na Rwanda, waliovutwa kwa matangazo ya mitandaoni wakaahidiwa tikiti ya ndege, mshahara na mafunzo ya kazi za hoteli na upishi. Walipofika Alabuga, katika jimbo la Tatarstan nchini Urusi, wengi walijikuta kiwandani wakiunganisha droni za kivita zinazorushwa Ukraine. Baadhi yao walieleza kwamba dawa za kiwandani ziliwachoma ngozi. Mwezi Aprili mwaka huohuo hosteli ya hapo ilikuwa imeshambuliwa kwa droni za Ukraine, na watu wakajeruhiwa. Na mwezi Novemba 2025 serikali yetu ilisema kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingizwa katika jeshi la Urusi.

Yatazameni haya pamoja na yale ya 1905. Silaha imebadilika, lakini bado inatafuta mtoto wa maskini wa kuishika. Wakati ule ilimchukua kijana wa kiume ikampa sare na bunduki. Leo humchukua binti ikamwambia anakwenda kusomea upishi, ikampa bisibisi na gundi. Yeye haoni damu. Anaona nyaya, skrubu na bawa la plastiki. Lakini mahali fulani yuko mama ambaye nyumba yake itaangukiwa na kazi ya mikono ya binti huyo, na mama huyo hatajua kamwe kwamba aliyeiunganisha alikuwa msichana aliyetumia nyumbani shilingi kidogo za karo ya wadogo zake.

Kwa hiyo wazazi, binti au kijana akija na habari ya kazi ya ng'ambo, msifurahie tikiti ya bure mkasahau kuuliza. Ulizeni: mwajiri ni nani, na kazi yenyewe hutengeneza kitu gani? Mkataba uko wapi, na umeandikwa kwa lugha gani? Wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Kwa nini wanataka wasichana wa umri fulani tu? Fanyeni istikhara, na kabla ya istikhara fanyeni istishara, waulizeni wanaojua. Riziki ya halali ni pamoja na kujua kinachotoka mwisho wa kazi yako. Haitoshi kwamba wewe hukuiba, ikiwa kile unachokiunganisha huenda kikaiba roho ya mtoto wa mwenzako.

*Jibu la mama*

Sasa nakujibu, mama yangu wa Kitutu. Uliniuliza babu wa mwanao ni yupi. Ni wote wawili. Usimfiche hata mmoja.

Mwambie kuwa babu yake mmoja alikimbilia risasi kwa miguu yake akitetea kilima alichozaliwa, na haukumfikia ujumbe tulioupata sisi. Jambo lake liko kwa Mola wake, ambaye hamdhulumu mtu hata uzito wa chembe. Mwambie kuwa babu yake mwingine alisimama upande wa bunduki, na alikuwa mtu wa kusali. Mfundishe amwombee maghufira, na amjue kwa alichokifanya. Mwambie kwamba hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Yeye hana deni la damu ya 1905. Ila ana amana, nayo ni kuujua uzito wake.

Na kwa kuwa yeye ni damu ya mpigaji na ya mpigwaji, ana kitu ambacho wale wa London hawakuwa nacho, wala mrushaji wa droni hana. Kwake yeye hakuna umbali. Akisoma kwamba mahali fulani wameuawa "mamia", atajua kwamba hao ni babu zake. Akipewa siku moja kitufe cha kuminya, atajua kwamba anayeminya pia ni babu yake. Mtoto aliyelelewa hivyo ni vigumu kumtumia.

Kabla sijaondoka Kisii, mama huyu aliniletea ndizi mbivu kwa ajili ya safari, amezifunga vizuri katika karatasi. Mwanawe alikuja naye, amevaa sare ya shule na kofia nyeupe ya madrasa. Nilimuuliza jina akanitajia majina yake mawili, la Kiislamu alilopewa na baba yake na la Kigusii alilopewa na bibi yake. Nikamwambia, "Yaandike yote mawili juu ya ukurasa wa kwanza wa kazi yako ya shule, kisha uanze."

Ewe Mola wetu, ihifadhi mikono ya watoto wetu na damu za watu, zinusuru nyumba za wanyonge kokote ziliko, na utuonyeshe iliyo haki tuifuate na iliyo batili tuiepuke. Amin.

Wallahu aalam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.